Ridimu: mdundo mmoja, waimbaji mia, na swali la nani alipwe



Wiki mbili zilizopita nilipanda matatu Mtwapa kuja mjini pamoja na mpwa wangu. Kama kawaida, rege ilikuwa imefunguliwa mpaka vioo vinatetema. Kabla hatujafika Bamburi zilikuwa zimepita nyimbo nne: waimbaji wanne, maneno mbalimbali, lakini besi ile ile na ngoma zile zile. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu, amevaa kofia yake ya vito, akageuka akasema, "Hawa wote wezi. Mmoja katunga, wengine wamemuibia."

Mpwa wangu kazi yake ni kutengeneza biti kwa kompyuta pale kwao Kisauni. Akamjibu kwa adabu, "La, mzee wangu, si wezi. Hiyo ni ridimu." Mzee akauliza ridimu ni nini, kijana akaanza kueleza, lakini stendi ikafika na mzee akashuka.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya mzee yule, na pia kwa ajili ya mpwa wangu ambaye mwaka huu limemfika jambo nitakalolieleza mbele. Niseme mapema: si kila wimbo wa densiholi naweza kuusikiliza mbele ya mamangu. Maneno mengine ni machafu, na hilo silitetei. Lakini namna muziki ule unavyotengenezwa ni elimu yenye faida, na vijana wetu wengi wanaishi nayo bila kujua ilikotoka.

RIDIMU NI NINI

Neno lenyewe ni lile la Kiingereza lenye maana ya mdundo, likitamkwa kwa ulimi wa Kijamaika. Lakini huko Jamaika lina maana ya ndani zaidi. Ridimu ni muziki mzima wa ala kabla mwimbaji hajatia sauti: besi, ngoma, na mara nyingi gitaa au kinanda. Besi ndiyo inayotambulisha ridimu. Mjamaika akisikia noti tano za besi, atakutajia jina lake kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Ndiyo, ridimu ina jina lake, mbali na jina la wimbo. Mara nyingine hupewa jina la wimbo wa kwanza uliovuma juu yake, na mara nyingine prodyuza huibuni jina mwenyewe. Ridimu moja yaweza kuimbiwa na watu 10, 50 au mamia, kila mmoja na maneno na sauti yake. Mcheza santuri huzipanga nyimbo hizo mfululizo bila kukata mdundo, na ndivyo tulivyosikia kwenye matatu siku ile.

Sisi Waswahili tusione ajabu. Mashairi yetu yana bahari zake. Utenzi una mizani minane kwa kila kipande, na hakuna anayemwita mtunzi wa leo mwizi kwa sababu mizani hiyo ilitumiwa na wazee miaka 200 iliyopita. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, umbo moja na hoja mbili. Aliyeshinda ni aliyesema vizuri zaidi ndani ya umbo lile lile. Ridimu ni kama bahari ya shairi: unapewa chombo, uonyeshe unavyokiendesha.

Lakini ipo tofauti kubwa. Mizani ya utenzi haina mwenyewe. Ridimu inaye, kwa sababu siku fulani, katika studio fulani, kuna mtu alishika gitaa la besi na mwengine akakaa kwenye ngoma wakaipiga.

MAPIGO YAKE

Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Muziki mwingi wa Marekani hukita kwa nguvu kwenye moja. Rege ya asili hufanya kinyume. Pigo la kwanza huachwa tupu, na ngoma kubwa pamoja na ile ndogo huanguka kwenye tatu. Mtindo huu huitwa wani-dropu, kwa kuwa pigo la kwanza limedondoshwa. Aliyeufanya ujulikane duniani ni Carlton Barrett, mpiga ngoma wa The Wailers. Gitaa au piano hukata kwa ufupi kwenye mbili na nne, na besi huzunguka katikati ikiacha nafasi za kupumua.

Katikati ya miaka ya 1970 Sly Dunbar, katika studio ya Channel One mjini Kingston, aliongeza mapigo ya ngoma kubwa na kuupa muziki mwendo wa gwaride. Upo pia mtindo ambao ngoma kubwa hukita kwenye mapigo yote manne, kama mtu anayepanda ngazi.

Densiholi ya miaka ya 1990 na kuendelea ina hesabu nyengine. Hesabu mpaka nane, halafu upige kofi kwenye moja, nne na saba, kisha urudie. Tatu, tatu, mbili. Jaribu mara kumi mfululizo na utagundua kwamba unaijua tayari. Ndiyo inayobeba nyimbo nyingi za Kihispania za regetoni zinazopigwa kwenye maharusi na hoteli zetu.

SAUNDI ZA KINGSTON

Mambo yalianza miaka ya 1950. Watu wa mitaa ya kimaskini ya Kingston hawakuwa na uwezo wa kuingia kwenye kumbi za bendi. Wakawafuata watu waliomiliki saundi, yaani spika kubwa kama makabati, zilizopangwa uwanjani zikapiga santuri za Marekani usiku kucha. Wawili walivuma zaidi: Duke Reid, aliyekuwa askari polisi, na Clement Dodd, aliyejulikana kwa jina la Coxsone. Ushindani wao ulikuwa wa nani ana santuri ambayo mwenzake hana. Santuri nzuri za Marekani zilipopungua, wakaanza kurekodi zao wenyewe. Mwaka 1963 Dodd alifungua Studio One katika barabara ya Brentford, na Reid akawa na studio yake ya Treasure Isle.

Wapigaji wa studio hizo walikuwa mafundi hasa. Walilipwa kwa kazi ya siku au ya wimbo, kisha wakaenda nyumbani. Likumbuke hilo, msomaji, maana tutalirudia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 likatokea kosa lililobadilisha kila kitu. Mwenye saundi mmoja wa Spanish Town, Ruddy Redwood, alikwenda Treasure Isle kukatiwa santuri ya wimbo wa kundi la The Paragons. Fundi, Byron Smith, akasahau kutia sauti za waimbaji, ukatoka muziki mtupu. Redwood akaipeleka hivyo hivyo kwenye ngoma yake. Alipoipiga, watu wakaimba wenyewe maneno waliyoyajua, uwanja mzima. Haukupita muda mrefu ikawa desturi kwamba upande wa pili wa santuri uwekwe muziki bila mwimbaji.

Nafasi ile tupu ikapata mwenyewe. U-Roy, aliyekuwa akishika kipaza sauti kwenye saundi, alianza kuzungumza kwa vina juu ya ridimu za Treasure Isle, na mwaka 1970 nyimbo zake zikashika nafasi za juu kabisa kwenye redio za Jamaika. Kuzungumza huko juu ya mdundo kulitangulia rapu ya New York kwa miaka kadhaa.

Saundi aliyokuwa akiizungumzia U-Roy ilikuwa ya Osbourne Ruddock, maarufu King Tubby. Huyu hakuwa mpiga ala. Alikuwa fundi wa umeme wa mtaa wa Waterhouse, mtu wa kutengeneza redio na kusuka transfoma, kama mafundi wetu wa Majengo na Kibokoni. Alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaondoa sauti hapa, akarudisha besi pale, akatia mwangwi mpaka ngoma ikasikika kama inatoka pangoni. Ndio mwanzo wa muziki wa dabu. King Tubby aliuawa kwa risasi mwaka 1989 nje ya nyumba yake, lakini kila kijana anayekaa leo mbele ya kompyuta akizima na kuwasha vipande vya wimbo anafanya kazi aliyoifungulia njia.

MDUNDO ULIOKATAA KUFA

Kwa njia hii Jamaika ikajenga ghala la ridimu. Mwaka 1974 prodyuza Rupie Edwards alitoa albamu nzima juu ya ridimu moja, ile ya wimbo wa Slim Smith na The Uniques wa mwaka 1968. Huo ukawa mfano wa albamu za ridimu zinazotoka mpaka leo.

Ridimu ya Real Rock, iliyopigwa na bendi ya Sound Dimension pale Studio One mwishoni mwa miaka ya 1960, imerudiwa mara nyingi mno. Ridimu ya Stalag 17 ilitoka 1973, mpiga kinanda akiwa Ansel Collins na prodyuza Winston Riley. Miaka tisa baadaye Sister Nancy aliimba juu yake "Bam Bam", na mwaka 1985 Tenor Saw akaimba juu yake "Ring the Alarm". Muziki ni ule ule, na nyimbo zote mbili ziko hai hadi leo.

Sababu ya kurudia haikuwa uvivu. Kukodi studio na kulipa wapigaji sita ni gharama. Prodyuza aliyekuwa na ridimu moja nzuri aliweza kuwaita waimbaji kumi, kila mmoja akarekodi kwa muda mfupi, na nyimbo kumi zikaingia sokoni kwa gharama ya muziki wa wimbo mmoja. Kijana asiye na senti wala bendi aliweza kusimama mlangoni mwa studio, akapewa nafasi na akajulikana. Kisiwa chenye watu wasiofika milioni tatu kiliweza kuijaza dunia muziki, na ridimu ilikuwa sehemu kubwa ya siri hiyo. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka rege ya Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

KINANDA KIDOGO CHA KASIO

Kisha ukaja mwaka 1985. Kijana aitwaye Noel Davey alikuwa na kinanda kidogo cha Casio MT-40, kitu cha kuchezea nyumbani. Yeye na mwimbaji Wayne Smith wakakuta ndani yake mdundo uliotiwa tayari kiwandani, ambao ukibonyeza tu wapiga wenyewe. Wakaupeleka kwa Lloyd James, yaani King Jammy, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa King Tubby. Jammy akaupunguza mwendo, akaongeza piano na makofi, na Smith akaimba. Mwezi Februari mwaka huo Jammy akaupiga kwenye mpambano wa saundi Kingston. Ridimu hiyo ni Sleng Teng. Haikuwa na gitaa la besi wala ngoma ya mkono wa mtu.

Aliyeutia mdundo ule kwenye kinanda ni mwanamke wa Kijapani, Okuda Hiroko, aliyeajiriwa na Casio mwaka 1980 akitoka chuo cha muziki, ambako tasnifu yake ilikuwa juu ya rege. Kwa hivyo rege ilisafiri mpaka Japani, ikaingia ndani ya mashine, ikarudi Kingston na kuigeuza rege yenyewe.

Faida na hasara zilikuja pamoja. Faida ni kwamba studio sasa iliingia kwenye chumba kimoja. Hasara ni kwamba wapiga besi na wapiga ngoma wengi walikosa kazi. Waliojua kuitumia mashine ndio waliotamba, na wa mbele walikuwa Steely na Clevie, yaani Wycliffe Johnson na Cleveland Browne. Mwaka 1989 walitengeneza ridimu ya Fish Market yenye ile hesabu ya tatu, tatu, mbili. Mdundo wa ukoo huo ukatumika kwenye wimbo wa Shabba Ranks uitwao "Dem Bow", ukapelekwa Panama na Puerto Rico, ukaimbiwa Kihispania, na hapo ndipo regetoni ilipopata uti wa mgongo wake.

Mwaka 2002 Steven Marsden, kwa jina la kazi Lenky, akatoa ridimu ya Diwali, akiiita jina la sikukuu ambayo jirani zetu Wahindu huiadhimisha hapa Mombasa kila mwaka. Ni makofi, ngoma na sauti chache tu. Sean Paul akaimba juu yake "Get Busy", ikafika namba moja Marekani mwaka 2003. Wayne Wonder na Lumidee nao wakafanikiwa mwaka huo huo kwa ridimu hiyo hiyo.

NANI ALIPWE?

Sasa nalirudia lile nililosema ulikumbuke. Wapigaji walilipwa ya siku wakaenda nyumbani. Jina lililoandikwa kwenye santuri mara nyingi lilikuwa la mwimbaji na la prodyuza. Mpaka mwaka 1993 Jamaika ilitegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotungwa kabla saundi hazijakuwepo. Kila mtu alichukua kwa mwenziwe, na maadamu fedha zilikuwa ndogo, ugomvi nao ulikuwa mdogo.

Fedha zilipokuwa kubwa, majuto yakaanza. Sister Nancy amesema hadharani kwamba kwa zaidi ya miaka 30 hakupata malipo ya "Bam Bam", huku wimbo ukitumika kwenye filamu na matangazo. Yeye alihamia Marekani akafanya kazi ya uhasibu benki. Aliposikia sauti yake kwenye tangazo la viatu mwaka 2014 ndipo akatafuta mwanasheria na kuanza kupata haki yake.

Steely alifariki mwaka 2009. Mwaka 2021 kampuni ya Steely na Clevie ilifungua kesi katika mahakama moja ya California, ikidai kwamba mdundo wa Fish Market umetumiwa bila idhini. Baadaye kesi ilipanuliwa ikagusa nyimbo zaidi ya 1,600 za regetoni, na mwaka 2024 jaji alikataa ombi la kuitupa. Upande mmoja wasema, huu ni mdundo wa kawaida, hauwezi kuwa na mwenyewe, sawa na mizani ya utenzi. Upande wa pili wasema, huu tuliutengeneza kwa mikono yetu, siku yake inajulikana na rekodi yake ipo.

Nikiwa mpenzi wa mashairi, naelewa pande zote mbili. Hesabu ya tatu, tatu, mbili ni ya kale na haifai kufungiwa. Lakini rekodi iliyopigwa na watu ni jasho lao.

LILILOMFIKA MPWA WANGU

Mwaka jana mpwa wangu alimpa rafiki yake biti, bure, kwa kupeana mikono. Rafiki akaimba, wimbo ukapendeza. Mwanzoni mwa mwaka huu tukausikia kwenye tangazo la biashara moja. Rafiki alilipwa. Mpwa wangu alipouliza, akaambiwa, "Kwani wewe uliimba?" Hakuwa na karatasi wala ujumbe wa simu wa kuonyesha makubaliano. Alinijia nyumbani macho mekundu, akaniambia, "Mjomba, kuanzia leo simpi mtu."

Nilimwambia hapana. Kufunga mlango si dawa. Kama studio za Kingston zingekuwa zimefungiana milango, U-Roy asingepata pa kusemea na Sister Nancy asingepata pa kuimbia. Uzuri wa ridimu ni kuwa wengi waingia kupitia mlango mmoja. Kilichokosekana Jamaika ni maandishi, na sisi tunafuata kosa lile lile wakati tunalijua. Hata dini yetu yatuamrisha tuandikiane tunapokopeshana. Aibu ya kuandika baina ya marafiki ni aibu ya bure.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kazi inalindwa tangu inaporekodiwa, lakini kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi wa tarehe. Vijana wajue pia kwamba haki ni mbili: haki ya utunzi na haki ya rekodi. Mtengenezaji wa biti huwa ni mmoja wa watunzi wa muziki hata kama hakutamka neno.

Karatasi yenyewe haihitaji kuwa ndefu. Andika jina la biti na tarehe. Andika nani ameitengeneza. Andika kama unaiuza kabisa au unaikodisha kwa wimbo mmoja, na kama unaweza kumpa mwimbaji mwengine. Andika fungu la kila mmoja kwa asilimia. Andika kwamba tangazo la biashara au kampeni ya siasa itahitaji ruhusa mpya. Mtie saini kabla sauti haijarekodiwa, kwa sababu wimbo ukishavuma kila mtu huona yeye ndiye aliyeuvumisha.

Jumamosi iliyopita mwimbaji mwengine alimjia mpwa wangu, msichana wa Likoni mwenye sauti nzuri. Anaitaka ile ile biti ya mwaka jana. Mpwa wangu amempa, kwa kuwa ridimu njema haiishi kwa wimbo mmoja. Mara hii karatasi ilikuwa mezani, shahidi ni mimi, na msichana mwenyewe aliomba nakala yake.

Mzee wangu wa kofia ya vito, popote ulipo, nadhani sasa umepata jibu. Wale wanne wa kwenye matatu si wezi. Ila lile swali lako lilikuwa na haki ndani yake: aliyepiga besi ile yuko wapi, na alipewa nini? Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Na mpigia wachezaji je?

Wabillahi taufiq.